Shauri Bila Ushauri: Karani wa Mahakama na Wenye Madai Madogo Katika Historia Yetu

Kiswahili kina neno moja linalobeba mambo mawili ambayo sheria ya kisasa inataka yatenganishwe. Neno hilo ni shauri. Mtu akisema ana shauri mahakamani, tunaelewa kwamba ana kesi. Akimwendea mzee wake na kumwambia "nipe shauri", tunaelewa kwamba anatafuta nasaha. Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa neno shura, na maana yake ya msingi ni watu kuketi pamoja na kutafuta njia ya kutoka katika jambo linalowakabili. Waliolipokea neno hilo pwani na kulipeleka bara hawakuona haja ya kuwa na neno moja la ugomvi na lingine la mazungumzo ya kuumaliza. Leo karani wa masijala ya mahakama anafundishwa kwamba kazi yake ni kupokea mashauri, lakini akome kutoa shauri. Mwananchi aliyesimama mbele yake, ambaye hajawahi kusoma sheria yoyote, anaona ajabu: mtu huyu anajua kila kitu, mbona hanisaidii?

Nataka kufuatilia jinsi tulivyofika hapo. Wanahistoria wa nchi hizi wameandika sana kuhusu magavana, machifu na majaji. Karani ameachiwa tanbihi. Ilhali kwa mtu mwenye dai dogo karani ndiye mahakama yenyewe, kwa kuwa ndiye anayemwona kwanza, ndiye anayemwambia alipe nini na arudi lini, na pengine ndiye atakayemkatisha tamaa arudi nyumbani bila kufungua chochote. Naliita dai dogo kwa kufuata lugha ya sheria, ambayo hupima kwa shilingi. Magunia matatu ya mahindi yaliyokopwa na jirani, fedha za upatu ambazo mwenzako amekataa kuzirudisha, mbuzi wawili waliouzwa kwa ahadi: mwenyewe hupima mambo hayo kwa ada ya shule na kwa mlo wa watoto, na kwa kipimo hicho hakuna kilicho kidogo.

Kabla ya ukoloni kukaza mizizi, anayedai na anayehukumu walikutana bila meza katikati. Katika Zanzibar ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, palikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi, na palikuwa na baraza la Sultani mwenyewe ambako raia aliweza kupeleka malalamiko yake. Bara, wazee waliketi chini ya mti au katika uwanja wa mtemi, na mlalamikaji alisema yake kwa mdomo. Nisieleweke kwamba naupamba wakati huo. Mtumwa hakuwa na sauti sawa na bwana wake, mwanamke mara nyingi alisemewa na ndugu wa kiume, na mgeni asiye na ukoo alikuwa na kazi kubwa ya kusikilizwa. Ninachosema ni hiki tu: kikwazo cha mdai hakikuwa karatasi.

Karatasi ilikuja na Wajerumani. Utawala wao ulirithi vyeo vya pwani, yaani liwali, akida na jumbe, na ukavisambaza hadi mahali ambako havikujulikana. Walilirithi pia neno letu. Katika maandishi yao ya wakati ule "Schauri" limeandikwa kana kwamba ni neno la Kijerumani: mkuu wa boma alifanya shauri, watu waliitwa shaurini, na penye boma palijengwa banda la kufanyia shughuli hiyo. Lakini maana ilikwisha kupinda. Katika shauri la boma aliyekuwa akishauriana ni mmoja, na wengine walisubiri kuambiwa. Kiboko kilikuwa jirani, na wazee walirithisha hadi kwa wajukuu hesabu ya "hamsa ishirini", viboko ishirini na vitano kwa mkupuo. Malalamiko dhidi ya maakida ni miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Hata hivyo, jambo lingine lilikuwa likitendeka kimya kimya. Boma lilihitaji watu wa kuandika. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, ilitoa vijana waliojua Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na hao wakawa makarani, wakalimani na walimu. Wakati Waingereza walipoingia, waliikuta nchi ambayo maandishi yake ya kiserikali, kwa ngazi ya chini, yalikuwa kwa Kiswahili. Neno karani lenyewe lilikwisha kufika zamani kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi pamoja na hesabu za biashara. Sasa likapata heshima ya kiserikali. Ukitaka kujua heshima hiyo ilikuwa na uzito gani, mtazame Martin Kayamba, aliyepanda hadi kuwa karani mkuu Tanga, na ambaye mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliosafiri hadi London kutoa ushahidi kuhusu pendekezo la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Hakuwa chifu wala wakili. Alikuwa mtu wa kalamu, na kalamu ilimfikisha huko.

Msingi wa mahakama tunazozijua leo uliwekwa na Gavana Donald Cameron na sera yake ya kutawala kupitia machifu. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufaa zilikwenda kwa mabwana wilaya na wakuu wa majimbo hadi kwa Gavana mwenyewe. Majaji hawakulifurahia jambo hilo, na walikuwa na sababu. Mtu yule yule aliyekusanya kodi ndiye aliyesikiliza rufaa ya aliyetozwa faini. Si ajabu kwamba ofisa wa wilaya aliitwa na watu Bwana Shauri.

Katika mahakama hizo mawakili hawakuruhusiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kupendeza masikioni: sheria ya mila ni ya wenyewe, mwanasheria ataivuruga kwa hila za kitaalamu na kuwafilisi wanyonge kwa ada zake. Kwa kiasi fulani hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Mawakili wa wakati huo walikuwa Wazungu na Wahindi wachache walioishi mijini, na ada yao moja ingezidi thamani ya ng'ombe anayegombaniwa. Lakini ukisoma historia ya utawala huo huwezi kukwepa sababu ya pili, nayo ni kwamba wakili ni mtu anayejua kuuliza "kwa kifungu gani?", na serikali ya mkoloni haikutaka swali hilo liulizwe katika kila baraza la chifu.

Wakili alipofungiwa mlango, kiti chake hakikubaki kitupu. Alikikalia karani wa baraza. Chifu alihukumu na wazee walishauri, lakini aliyeandika dai katika daftari ni karani, aliyepokea ada ni karani, na aliyenakili hukumu kwa ajili ya rufaa ni yeye. Bwana wilaya alipokuja kukagua hakusikiliza mashahidi upya. Alisoma daftari. Maana yake ni kwamba dai la mkulima lilisafiri kwenda juu likiwa limevaa maneno ya karani. Mkulima alisema hadithi ndefu yenye mjomba, mvua, ugonjwa na ahadi iliyotolewa msibani, karani akaandika mstari mmoja: "Anadai ng'ombe wawili." Nani alichagua kwamba huo ndio mstari? Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za mila kwa Wachaga wa Kilimanjaro, alionyesha jinsi kile kinachoitwa mila kilivyobadilika katika karne moja huku kikiendelea kuitwa kwa jina lile lile. Naamini makarani wana sehemu yao katika kazi hiyo, ingawa hawakuwahi kuombwa kuifanya.

Baada ya Sheria ya Mahakama za Mitaa ya mwaka 1951 kubadilisha majina zaidi ya kubadilisha mambo, uhuru ulileta mageuzi yenye uzito. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, iliunganisha mfumo uliokuwa vipande viwili, kimoja cha wenyeji na kingine cha wengine wote. Chifu aliondoka katika kiti cha hukumu. Ikawa mahakama ya mwanzo, juu yake mahakama ya wilaya, kisha Mahakama Kuu, kwa kila mtu bila kujali rangi. Tunapohesabu matunda ya miaka ile tunakimbilia Azimio la Arusha na kuisahau sheria hii, nami huiona kuwa moja ya kazi bora za kizazi kile.

Waandishi wa sheria hiyo walimfikiria mtu asiyejua kusoma. Kanuni za madai za mahakama za mwanzo za mwaka 1964 zilimruhusu mdai kufika na kueleza dai lake kwa mdomo, likaandikwa pale pale mahakamani. Lugha ilikuwa Kiswahili. Hakimu aliketi pamoja na wazee wa baraza. Na mawakili wakaendelea kuzuiwa. Sheria ya mwaka 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, iliurudia mkatazo huo katika kifungu cha 33, lakini ikaacha mlango mdogo ulio wazi: katika shauri la madai, ndugu au mtu wa nyumba ya mdaawa aliweza kuruhusiwa na mahakama kumsemea. Nakipenda kifungu hicho. Kinakiri kwamba watu wengine hawawezi kujieleza mbele ya meza ndefu, na kwamba binamu mwenye maneno anaweza kuwa msaada tosha.

Walioandika sheria hizo hawakuwa peke yao duniani katika kuwaza hivyo. Mwaka 1913 katika mji wa Cleveland, Marekani, mahakama ya mji ilianzisha kitengo cha usuluhishi kwa madai yasiyozidi dola 35. Mdai alikwenda kwa karani na kusema shida yake. Karani akamwarifu mdaiwa, na pande mbili zikakutana mbele ya jaji bila mawakili kuwa lazima. Jimbo la Massachusetts lilikwenda mbali zaidi mwaka 1920. Sheria yake iliagiza kwamba mdai amweleze karani dai lake, na karani aliandike kwa ufupi, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Kuandika dai hakukuwa hisani ya karani bali wajibu wake. Uingereza, iliyoanzisha mahakama zake za kaunti kwa sheria ya mwaka 1846 ili watu wa kawaida wadai hadi paundi 20, ilichelewa kuona kwamba zilikwisha kuwa za wenye mawakili, na ikaweka utaratibu maalumu wa madai madogo mwaka 1973 tu.

Yaliyotokea Marekani baadaye yanapaswa kututia wasiwasi. Kufikia miaka ya 1960 watafiti waligundua kwamba katika majimbo kadhaa aliyenufaika zaidi na mahakama hizo hakuwa mjane wala kibarua. Walikuwa wenye maduka, wakopeshaji na wakusanyaji wa madeni. Mkopeshaji alijaza fomu mia kwa siku moja, akijua kila kisanduku. Mdaiwa maskini alipata wito, akaogopa, hakutokea, na hukumu ikatolewa upande mmoja. Karani alikuwa mkarimu kwa wote. Lakini ukarimu ulio sawa kwa anayekuja mara mia kwa mwaka na kwa anayekuja mara moja maishani hauzai usawa. Wale wanaoshangilia mikopo ya simu na "kausha damu" za mitaani hapa kwetu waisome historia hiyo taratibu.

Basi karani anaweza kusaidia nini? Jibu la kimapokeo ni kwamba anatoa maelezo na hatoi ushauri wa kisheria. Mwaka 1995 John Greacen, ambaye mwenyewe alikuwa mkuu wa makarani katika mahakama moja ya shirikisho huko New Mexico, aliandika makala iliyouliza swali rahisi: kauli hiyo ina maana gani hasa? Alionyesha kwamba makarani walikuwa wakiitumia bila kuweza kuieleza, na mara nyingi iliwasaidia kumwondoa mtu dirishani. Tangu hapo mahakama nyingi za Marekani zimeandika kwa wazi mambo ambayo mtumishi anaweza kuyajibu.

Nitajaribu kulieleza jambo hilo kwa mifano ya kwetu. Mama anakuja masijala na kusema shemeji yake amemnyang'anya shamba. Karani anaweza, na kwa maoni yangu analazimika, kumwambia kwamba mgogoro wa ardhi hauendi mahakama ya mwanzo, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2002 migogoro hiyo ina mabaraza yake. Kijana anakuja kudai mshahara wa miezi miwili aliokatwa na mwajiri. Huyo ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 60 za kulipeleka lalamiko lake, au 30 kama analalamikia kuachishwa kazi. Karani anayenyamaza na kumwacha apange foleni wiki tatu hakuwa mtu wa katikati. Amemlia siku zake. Hali kadhalika karani anaweza kutaja ada, kutoa fomu na kueleza kila kisanduku kinauliza nini, kumwambia mtu alete nakala ngapi, kumweleza wito hupelekwaje, na kumfafanulia maana ya neno "mdaiwa" kwa mtu anayefikiri yeye ndiye mdaiwa kwa kuwa ndiye aliyekuja kudai. Nimelisikia kosa hilo zaidi ya mara moja, na si la kuchekwa. Sarufi yenyewe ni ngumu.

Asichoweza ni kumwambia, "Mshtaki kaka mtu badala ya mdogo mtu, utashinda," au "usiutaje ule mkataba wa maandishi," au "hakimu huyu hapendi madai ya riba." Mpaka upo, nao una maana, kwa sababu kesho mdaiwa naye atafika kwenye meza ile ile, na anastahili kumkuta karani ambaye hajawa mwandani wa mtu mwingine.

Ugumu uko katikati. Erin Stiles, aliyefanya utafiti katika mahakama ya kadhi ya Mkokotoni kaskazini mwa Unguja, ameeleza jinsi makarani wa pale wanavyomsikiliza mtu mwenye shida na kuigeuza simulizi yake kuwa hati ya madai. Mwanamke anakuja na uchungu wa miaka kumi ya ndoa. Hati inataka kujua anadai nini. Kuchagua kipi kiingie na kipi kibaki nje ni maelezo au ni ushauri? Sidhani kuna mtu anayeweza kuuchora mstari huo kwa rula. Anayetafsiri maisha kuwa madai anashauri, apende asipende. Ni vyema zaidi afundishwe kufanya hivyo kwa uaminifu, kwa kumsomea mdai kilichoandikwa na kumuuliza "ndicho ulichosema?", kuliko kujidanganya kwamba ameandika tu.

Kuna sababu nyingine iliyofanya mahakama zetu zimfunge karani mdomo, nayo haihusu falsafa. Tume ya Rais ya kuchunguza rushwa iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa taarifa yake mwaka 1996, na haikuwaacha watumishi wa mahakama. Iliwataja makarani waliodai chochote ili jalada lifunguliwe, na majalada yaliyopotea kwa bei. Mtu mwenye habari ambazo wengine hawana, tena analipwa mshahara mdogo, ana bidhaa mkononi. Ukimkataza kabisa kuongea, bidhaa haitoweki. Inahamia nje ya uzio. Ndiyo maana karibu na mahakama nyingi utawakuta vishoka, watu wasio mawakili wanaojua njia, na vibanda vya kuchapa na kutoa nakala ambako kijana wa kompyuta atakuandikia hati kwa kuiga ile ya mteja wa jana. Wengine ni waungwana na wamewafaa watu. Wengine wamewaandikia maskini madai ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu, wakala ada na kutoweka. Naona wazi kwamba kila neno analokataa kulisema karani bure, kishoka analiuza.

Katika miaka ya karibuni mambo yamekwenda kasi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na hilo lilikuwa jema. Mwaka 2021 mambo mawili yalitokea hapa Tanzania karibu kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote, jambo ambalo mahakama za mwanzo zilikuwa zikilifanya tangu zizaliwe. Na mkatazo wa mawakili katika mahakama za mwanzo ukalegezwa: wakaruhusiwa kuingia pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Hoja ya kuwaruhusu ilikuwa na nguvu, maana tangu marekebisho ya mwaka 2016 mahakama hizo zinasikiliza madai ya mali inayohamishika hadi shilingi milioni 30, na hizo si fedha za kuku. Lakini mkatazo wa zamani, pamoja na ubaya wa asili yake ya kikoloni, ulikuwa na upande mmoja mwema. Pande zote mbili zilikuwa hazijui kwa kiwango kinachofanana. Sasa mmoja anaweza kuja na wakili, na mwingine akaja na binamu.

Mwaka huo huo, Aprili 2021, Kenya ilizindua Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, Nairobi, chini ya sheria ya mwaka 2016. Kiwango ni shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Majirani zetu walianza upya kwa kuunda chombo kipya. Sisi tulikuwa nacho tangu 1964 kwa jina lingine na hatukukiona. Nisiwapambe nao kupita kiasi. Mwamuzi ndiye anayehesabiwa siku 60, lakini kabla ya siku ya kwanza kuhesabiwa kuna mtu aliyesimama dirishani hajui aanzie wapi, na siku zake haziingii katika takwimu yoyote.

Sasa mahakama zinahamia katika usajili wa mashauri kwa mtandao. Sina ugomvi na mtandao. Jalada lisilo la karatasi haliwezi kufichwa chini ya godoro. Ila tutazame kilichofanywa na kanuni za 1964: zilimruhusu mtu asiyejua herufi moja kulifungua dai lake kwa kinywa chake. Mfumo unaotaka namba ya simu, barua pepe na hati iliyopigwa picha unamtaka mtu huyo apate mkono wa mtu mwingine. Mkono huo ukiwa wa karani aliyewekwa na mahakama kwenye meza ya msaada, aliyefunzwa (Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kinaweza kazi hiyo), tumeilinda haki ile ya mwaka 1964. Ukiwa wa kijana wa kibandani, tumeifuta bila kupeleka muswada wowote bungeni.

Limebaki jambo moja ambalo halizungumzwi kabisa, ingawa naona ndilo linalowaumiza wengi. Mdai akishinda, anafikiri mambo yamekwisha. Katika baraza la chifu wakati wa Cameron mdaiwa aliyeshindwa aliweza kulipa pale pale barazani, karani akaandika daftarini na fedha zikamfikia mwenyewe. Leo mshindi anakabidhiwa hukumu, na mdaiwa asipolipa kwa hiari, lazima mshindi aombe tena mahakama ikazie hukumu hiyo, aeleze mali ya mdaiwa iko wapi, na pengine akutane na dalali wa mahakama ambaye naye ana gharama zake. Nimekutana na watu waliotunza hukumu zao kwenye mifuko ya plastiki kwa miaka, wakisubiri mahakama iwaite. Hakuna aliyewaambia kwamba ni wao waliopaswa kurudi. Sentensi moja ingetosha, "Asipolipa, njoo ujaze fomu ya kukazia hukumu," na hakuna sheria ninayoijua inayomkataza karani kuitamka siku ile ile hukumu inaposomwa. Makala ijayo nitawazungumzia madalali hao wa mahakama, maana nao wana historia yao.